Korongo Aliyepungua Kidole

Ndugu waombolezaji, sisi wanawe tunasimama mbele yenu kusoma habari za maisha ya baba yetu, fundi wa kuyeyusha na kusubu shaba, ambaye mtaani mlimwita Fundi Ndege, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu si zote ni tamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi wa sufuria, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na tangu akiwa mdogo alitumwa shambani kufukuza ndege wasile mtama, kazi iliyomshinda kabisa, maana alikaa akiwatazama mpaka wakashiba, na jioni akachapwa yeye. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akasomea ufundi wa chuma, na Januari 1970 akaajiriwa karakana ya reli, kwenye chumba cha tanuri, ambako alikutana na mtu mnayemfahamu nyote kwa jina la Swahiba, wakawa chanda na pete, hata tarehe 22 Agosti 1976, marehemu alipofunga ndoa na mama yetu, mshona nguo, msimamizi wake alikuwa huyo huyo Swahiba. Walijaliwa watoto watatu.

Ndege wake wa shaba aliwatengeneza nyumbani baada ya kazi, akimchonga ndege kwa nta, akimfunika kwa udongo, akiuchoma hadi nta iyeyuke itoke, kisha akimimina shaba ya moto pale nta ilipokuwa, na ikishapoa udongo unavunjwa, kwa hiyo kila ndege alizaliwa mara moja tu. Mkubwa wao alikuwa korongo wa mwaka 1989, aliyeigwa kutoka kwa korongo hai wa bwawa la maji machafu nyuma ya karakana, aliyekuwa amekatika kidole kimoja, na marehemu, mtu asiyejua kudanganya hata kwa shaba, akamtengeneza vivyo hivyo, akamweka sebuleni, nasi watoto tukawa tunamtundikia kofia mdomoni. Swahiba alimwazima awaonyeshe wageni wake, akamrudisha aking'aa, tukamshukuru.

Tarehe 4 Mei 2006 ilifunguliwa hospitali mpya, Swahiba mwenyewe akamletea marehemu kadi, akamtafutia na kiti cha mbele, na kitambaa kilipovutwa pale mlangoni alionekana korongo yule yule, amepungua kidole kile kile, na kwenye kibao cha miguuni jina la Swahiba, watu wakapiga makofi, na marehemu naye akapiga, kwa sababu mikono ilitangulia akili. Kumbe siku zile za kumwazima Swahiba alimfunika kwa plasta akachukua umbo lake, akamimina wengine humo, na korongo wengine kama huyo walishasimama benki na hotelini. Alipoulizwa alicheka, akajibu kwamba ndege ni wa Mungu, hawana mwenyewe. Lililomkata maini zaidi ni kwamba wengi mliopo hapa mlimwambia ayameze, eti ni kijicho cha uzeeni, naye akameza, akazima tanuri, asimimine shaba tena. Aliumia sana, na sisi tunaumia mpaka leo.

Mwaka 2019 alianza kuugua mapafu, akatibiwa katika hospitali hiyo hiyo, ambako kila alipopelekwa aliomba apitishwe mlango wa nyuma, na huko ndiko alikofariki asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomfungulia mlango huo bila kumuuliza kwa nini, majirani waliotupikia na kukaa nasi, na wenzake wa karakana waliobeba jeneza.

Na wewe, Swahiba, uliyekuja leo na korongo wa kuweka kaburini, kaa, hatukufukuzi. Korongo tunampokea, maana ni wa baba. Kaka yetu mkubwa yuko hapo pembeni na msumeno wa chuma, tukimaliza kuzika atakikata kibao chenye jina lako, urudi nacho nyumbani, hicho ndicho chako.

Pumzika, baba, kwa ile amani uliyonyimwa.