Neno Moja la Bi Aulikki katika Kifungu cha Saba

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Aulikki Ylönen anastaafu tarehe 31 Mei. Wasifu wake wa jarida letu la ofisi nilikuwa nimeshaumaliza wiki iliyopita, wa kuchekesha tu. Nimelazimika kuuandika upya.

Alianza katika ofisi yetu ya ukaguzi wa kemikali hapa Tampere, Ufini, kama mpima vumbi viwandani. Ilipokuja sheria ya chembe ndogo mno, zile za nano, kila mtu aliikwepa, akabebeshwa yeye. Mgeni yeyote kazini alioneshwa ndoo yake: viazi vitatu na kikombe cha beri, vitunda vidogo vya msituni. "Ukipima uzito, ni ndoo ya viazi. Ukihesabu, ni ndoo ya beri. Sheria inahesabu, mpenzi, haipimi." Chembe hizo zikifika nusu kwa idadi, kopo lazima liandikwe nano, ili mtu ajue anavuta nini puani.

Jumanne, akipanga mafaili ya kunikabidhi, aliisoma fomu ya kukagulia bidhaa aliyoitunga mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita. Akaja kwenye kahawa, andazi la iliki hakuligusa, akasema, "Jamani, kifungu cha saba kinasema uzito. Nimeandika mimi." Tukacheka, tukidhani ni utani wa ndoo. Kisha tukaifungua fomu.

Nilipigwa na butwaa. Yeye, wa ndoo! Dawa sitini na mbili za kupulizia viatu na makochi zimepita bila neno nano, kwa sababu zilipimwa badala ya kuhesabiwa. Saini kumi na tisa kati ya hizo ni zangu.

Mkuu wetu, Bwana Raimo, alimshauri aondoke na heshima zake, tutarekebisha kimyakimya wakati wa likizo. Bi Aulikki alikataa katakata. Amewapigia simu watengenezaji mmoja mmoja, akianza na "Mimi ndiye niliyekosea." Hamsini na wanane wamekubali kuhesabu upya. Wanne wabishi ameniachia mimi, pamoja na namba zao.

Asante, Bi Aulikki. Tunakutakia siku njema kando ya ziwa lako, na beri tele usizolazimika kuzihesabu.

Zawadi alitaka moja tu: mahali pa picha yake tuchapishe masahihisho haya.

Kifungu cha 7: panaposomeka "uzito", pasomeke "idadi". Kosa ni la A. Ylönen, na letu sote tuliosaini.

Maneno manne ya mwisho nimeyaongeza mimi.