Mlango Ambao Nuhu Hakuufunga

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Wewe Kifunguamimba usiache kazi, endelea na bawaba zako, maana mikono ndiyo yenye shughuli, masikio hayana. Kitanda changu nimeagiza kiletwe hapa karakanani kwa sababu sitaki kufa nikinusa dawa, nataka kufa nikinusa maranda. Na wewe Kitindamimba, nakuona umesimama nje ya kizingiti, jua likikupiga kisogoni. Tangu mafuriko hujavuka hapo, ukija kuniona unazunguka nyuma na kupitia jikoni kama mtoto anayenyemelea sukari. Baki hapo hapo, sikuiti ndani bado. Nataka niseme nawe ukiwa hapo, na kaka yako akiwa hapo, na mlango wenyewe ukiwa katikati yenu na bisibisi ikiulegeza.

Nitaanza kwa kujisifu, maana nisipojisifu mwenyewe leo, kesho watanisifu kwa uongo mazishini. Baba yenu alipofariki, watu walikuja kutoa pole, na wakati huo huo wanaulizia bei ya vifaa vyake. Niliwakaribisha kwenye benchi, nikachukua randa nikiwa na nguo zangu za msiba, nikaendelea na fremu aliyoiacha nusu. Walikunywa chai yao wakaondoka, bei hawakuiulizia tena. Leo tembeeni mji huu wote, nendeni zahanati, nendeni mahakamani, nendeni shule aliyosoma kila mmoja wenu, mkisukuma mlango usiokwaruza sakafu wala kulia wala kuvimba mvua zikianza, huo ni wangu. Daktari aliyekuja kunitazama kwa uso wa huzuni nilimwambia achangamke, kila asubuhi anaingia kazini kwa mkono wangu.

Na desturi yetu mnaijua. Katika karakana hii fundi hafungi mlango mpya. Tunaupima, tunaurudisha mpaka unakaribia fremu, tunauacha wazi kiasi cha kidole, na mwenye nyumba ndiye anayeingia akaufunga mara ya kwanza. Wateja wengine walidhani ni ushirikina. Hapana, ni majivuno, na majivuno hayo niliyapata kwenye Maandiko ya Waebrania, kitabu cha Mwanzo, niliyoyasoma kwenye meza hii maisha yangu yote nikisubiri gundi ikauke.

Mungu alimpa Nuhu vipimo vyote vya safina. Urefu, upana, kimo, hata nafasi ya juu ya kuingizia mwanga, akamwagiza apake lami ndani na nje. Ila mlango alimwambia tu auweke ubavuni, kipimo hakutoa. Kila nikifika hapo nilicheka peke yangu kwa furaha, kwamba hata siku ile fundi wa mlango aliaminiwa! Lakini kuufunga hakuachiwa. Wanyama walipoingia, na Nuhu na watu wake, Bwana mwenyewe ndiye aliyemfungia. Nilipokuwa kijana nilidhani huo ulikuwa ulinzi tu. Mafuriko yalipotufika ndipo nikaelewa jambo jingine.

Siku ile nitaisema leo, kwa sababu hakuna anayeisema katika nyumba hii. Mto ulivunja kingo zake asubuhi watu wakiwa kazini, na majirani wakakimbilia hapa kwetu kwa kuwa pako juu kidogo, vikongwe, wajawazito, watoto wa chekechea na mwalimu wao, tukawapandisha juu ya meza na juu ya marundo ya mbao. Mlango huu marehemu baba yenu aliutengeneza ufungukie nje, ili ndani tupate nafasi ya kulaza mbao ndefu, na maji yalipofika yakausukuma ukajibana. Kisha mtu akagonga. Ulikuwa wewe, Kitindamimba, maji yakiwa kifuani, ukimwita kaka yako kwa jina lake la utotoni. Akaweka bega, akasukuma. Mlango ukafunguka kidogo, maji yakaingia kwa kishindo, mtoto mmoja akatumbukia kutoka mezani na mwalimu wake akamdaka. Kaka yako akawatazama wale watoto. Akaacha kusukuma.

Na wewe ulisikia bega lake likiachana na mbao. Binti wa seremala hadanganyiki kwa sauti ya mbao. Fundi mwashi, jirani yetu, akakuvuta kwa ngazi yake mpaka juu ya ukuta, ukapona, Mungu ambariki mtu yule, lakini ulichosikia ulikisikia.

Mmekuja kwangu mara nyingi, kila mmoja kwa wakati wake, mkitaka niamue. Siamui. Najivunia mwanangu aliyewaona watoto wa watu, na najivunia binti yangu aliyeng'ang'ania ukuta mpaka kucha zikatoka, na moyo wangu unauma kwa wote wawili. Ninachoweza kuwaambia ni hiki nilichokielewa. Nje ya safina kulikuwa na watu, na watu hugonga. Mungu hakutaka Nuhu azeeke na bega lililoacha kusukuma, akaufunga yeye, lawama akaichukua yeye. Mwanangu hakupata huruma hiyo. Ameubeba mlango huu peke yake, na ukimwita muuaji hajitetei.

Nipeni maji kidogo. Asante.

Sasa agano. Kabla ya gharika Mungu aliutazama moyo wa binadamu akaona ni mbaya, ndiyo sababu akaleta maji. Maji yakapungua, Nuhu akatoa sadaka, Mungu akautazama moyo ule ule, akasema ni mbaya tangu ujana wake, na safari hii akasema hatarudia tena. Someni wenyewe mtaona. Gharika haikumbadilisha binadamu hata kidogo. Akafunga agano, na Nuhu hakutakiwa aahidi chochote ndipo alipate. Upinde wa mvua tunautazama tukidhani tumewekewa sisi, kumbe alisema atautazama yeye, ili akumbuke. Na kwa Ibrahimu ni hivyo hivyo, wanyama wamepasuliwa ili wanaoagana wapite katikati, Ibrahimu amelala usingizi mzito, na moto wa Mungu ukapita katikati ya vipande peke yake. Mwenye nguvu ndiye aliyejifunga. Hilo ndilo agano, wanangu, mengine ni biashara.

Kwa hiyo wewe Kitindamimba sijakwambia usamehe, na leo pia sikwambii. Niliyemwomba kitu ni huyu. Nilimwuliza kama yuko tayari kuahidi bila kuahidiwa, akanijibu yuko tayari. Haya, sema sasa, asikie. Paza sauti, baba, unaongea na dada yako, huongei na skrubu.

Umemsikia? Amesema hakuna mlango atakaouacha ufungike mbele yako tena maisha yake yote, umsamehe usimsamehe, umsalimie umpite. Usijibu. Hudaiwi jibu.

Na mali yangu naigawa hivi. Kuta hizi na paa hili na kiwanja chake ni vya Kitindamimba. Randa, patasi, misumeno, jiriwa na jina letu mjini ni vya Kifunguamimba. Ndiyo, atafanya kazi chini ya paa lako, na siku ukitaka kumtoa utamtoa. Anajua, nilimwambia mapema, wala hakupepesa macho, na sijawahi kumwonea fahari kama saa ile. Na wewe una mkono wa vanishi ambao sijauona kwa fundi mwingine yeyote, umekaa bure miaka yote hii, inanitia uchungu. Lakini siwafungi kamba. Nawaweka karibu tu.

Mlango huu kuanzia leo unafungukia ndani. Mafundi wenzetu watasema mtindo ule wa zamani ndio uliozuia maji, na wana haki. Waambieni juu tumejenga dari pana, maji yakija watu wapande, lakini anayegonga aingie.

Jeneza langu... mbao zipo nyuma ya msumeno wa meza, nimezichagua mwenyewe, zimekauka vizuri. Kifunguamimba aunge. Kitindamimba apake vanishi. Asipake mtu mwingine, nitajua.

Nuhu aliokoa kila kiumbe, kisha akalewa akalala uchi, mwanawe akamtazama, akaamka akamlaani mjukuu wake, akaivuruga nyumba yake kwa ulimi. Mimi divai sinywi, na laana sina. Ninyi mmeniogesha leo, mmoja akishika beseni na mwingine taulo, hamkutazamana, na wala hamkutazama uchi wangu. Mungu aliyejifunga mwenyewe awatazame awakumbuke. Awape mikono mizima. Awape watoto wakaidi kama ninyi, wa kujivunia.

Umemaliza, baba? Urudishe... taratibu... kiasi cha kidole. Basi. Usiufunge, wewe ni fundi. Sogea huku, kaa kando yangu, nishike mkono.

Kitindamimba... nyumba ni yako. Sukuma, uingie. Usitazame chini, nitazame mimi. Hivyo. Mguu wa pili... hivyo, mama... umeingia. Sasa geuka, shika kitasa. Mwenye nyumba ndiye... unajua desturi. Nasi tumo ndani wote. Funga, mwanangu.

Mmesikia? Haukukwaruza.