Lorene Amekatazwa Kwenda Iowa

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha basi la shule, ambacho mtu alikitupa jangwani nje kidogo ya Quartzsite, Arizona, kikapata wenyewe. Kila Januari, theluji ikiwa imefukia kwao, wazee wanaoishi kwenye nyumba za magurudumu huja kuegesha hapa, na kila asubuhi birika la kahawa hutokota juu ya jiko la gesi mbele ya kiti hicho. Wamestaafu, kazi hawana, kwa hiyo wana maoni. Spana alikuwa fundi bomba huko Nebraska. Jenereta alikuwa dereva wa lori, na jina amelipata kwa kunguruma tangu alfajiri hata kama hakuna aliyeomba umeme. Wa tatu ni Lorene, mjane, anayeendesha peke yake gari refu kama kanisa, na hana lakabu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Asubuhi hiyo alikuja ameshika simu kwa vidole viwili kama aliyeokota panya.

– Hebu soma, alimwambia Spana. Labda miwani yangu inanidanganya.

Spana akasoma kwa sauti: "Mama, mwaka huu usije. Nitakueleza nikipata pa kuanzia. Wade."

– Weee! Jenereta akaruka. Mwanao wa kumzaa?

– Sina mwingine.

– Anakufukuza kwa ujumbe wa simu? Hata mbwa huitwa kwanza!

Lorene alikaa. Kiangazi cha kwa Wade ndicho kilichomwezesha kuuza nyumba baada ya kumzika mumewe bila kutazama nyuma. Mwaka mzima alikuwa wa barabara, lakini shule zikifungwa aliegesha uani kwa mwanawe huko Iowa, akachomeka waya wa umeme ukutani, akala mezani kwao na kusikia yote yaliyompita. Pakikosekana hapo, hana pengine.

– Ni yule mke, alisema Jenereta. Kirsten amechoka kukuona dirishani.

– Kirsten ananipenda.

– Ulimwambia nini kuhusu mapazia yake?

– Ukweli.

– Haya sasa!

– Mke hana neno, alisema Spana. Hiyo ni kamati ya mtaa. Wale hupima urefu wa majani ya uani kwa rula. Wameona ligari lako, wamepiga marufuku.

– Kamati gani, bwana! Jenereta alishika moto. Wade ameona mauaji. Ni shahidi. Serikali imembadilisha jina, imewahamishia Alaska familia nzima. Sasa hivi anaitwa Sergio.

– Na ujumbe umetoka namba ileile?

– Si ndiyo ujanja wenyewe!

Binti mmoja aliyekuwa ameingia jana yake na kigari kidogo, Marisol, akasogea na kikombe chake.

– Samahani wazee wangu. Kuna nafasi?

– Kaa, binti. Tuna msiba.

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Marisol akamgeukia Lorene.

– Mara ya mwisho mliagana vipi, mama?

– Vizuri kabisa. Nilikumbatia wajukuu, nikamwaga tangi la choo cha gari, nikaondoka.

Spana akasitisha kikombe mdomoni.

– Ukamwaga wapi?

– Palepale. Siku zote huwa napeleka kituo cha kumwagia uchafu wa magari, lakini kulikuwa na foleni. Nikaona kuna bomba kando ya waridi, lina kifuniko cha kukaza. Nikakaza mpira wangu, nikafungulia.

– Bomba limetoka ardhini au ukutani?

– Ukutani.

– La chuma?

– La chuma. Mbona unanihoji kama polisi?

– Nyumba ni ya zamani?

– Ya babu yake Kirsten.

Spana akaweka kikombe chini.

– Lorene, hilo si bomba la maji machafu. Ni la mafuta ya kupashia nyumba joto. Zamani lori lilikuja likamwagia hapo, yakashuka kwenye tangi, chumba cha chini.

– Basi yameshuka kwenye tangi.

– Tangi lipo?

Lorene alimkumbuka Wade akijisifu jinsi alivyolikata vipande na kuliuza kama chuma chakavu, walipoingiza gesi badala ya mafuta.

– Walilitoa, alisema.

– Yesu wangu! Jenereta akashika kichwa. Na tangi lako la choo lilikuwa limejaa?

– Pomoni.

– Ukamwaga uchafu wote ndani ya nyumba ya mwanao?

– Nyamaza! Sasa Lorene alikuwa mweupe hadi midomoni. Mwezi wa tisa Wade aliniambia bomba la jiji limepasuka, uchafu umepanda chumba cha chini.

– Ukamwambiaje?

– Awashtaki watu wa jiji.

– Akawashtaki?

– Ameshasimama mbele ya baraza mara mbili. Gazeti limempiga Kirsten picha akilia. Nimeibandika kwenye friji.

Jenereta aliangua kicheko, kisha akakiona kicheko chake hakina mwenzake, akakimeza.

– Na huko chini, mama, waliweka nini? aliuliza Marisol.

– Masanduku yangu.

Hapo wazee wawili waliinamisha nyuso. Kila aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa na masanduku chini ya nyumba ya mtoto wake. Garini huingia sufuria na soksi. Maisha yenyewe huachiwa watoto.

– Koti la jeshi la marehemu mume wangu, Harlan, alisema Lorene. Picha zote za harusi. Mablanketi aliyoshona mama yangu. Lakini yako salama! Nilimuuliza Wade, akasema ameyawahi, yako darini, makavu.

Spana alipangusa mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi.

– Nimeingia vyumba vya namna hiyo miaka yangu yote ya kazi, bibie. Picha hazitoki nzima. Nguo hazitoki.

– Wade hanidanganyi.

– Amekudanganya. Ukija utataka kupanda darini. Ndiyo maana anasema usije.

Lorene aliitazama tena simu, palipoandikwa "nikipata pa kuanzia". Asubuhi ile nzima alikuwa amelisoma neno hilo kama tusi.

– Kwa hiyo, Marisol alisema polepole, yeye anakuficha kwamba vitu vyako vimeharibika, na hajui ni nani aliyeviharibu. Sasa kati yenu, nani atatangulia kumwambia mwenzake?

Spana alitazama birika. Jenereta alitazama jangwa. Lorene alifumbua kinywa ajibu, na hakuna aliyemkata kauli. Walimpa nafasi yote, naye akaitumia kumpigia Wade.