Maadamu Shaza Hajafika

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleykum. Leo twamkumbuka Mzee Mwinyihaji, mpishi wa haluwa wa Bofu, Likoni. Kama umewahi kuoa au kuozesha upande huu wa feri, vidole vyako vyamjua. Haluwa yake haikubanduka hata unawe vipi.

Mzee Mwinyihaji alikuwa na mtoto mmoja tu, Shaza. Shaza yuko Maskati, anaandika programu za kompyuta. Kila Ijumaa alipiga simu, na kila Ijumaa simu ilikuwa ile ile. Hujambo? Sijambo. Umekula? Nimekula. Kisha kimya, mpaka Bi Kulthum, mamake, aipokonye.

"Mzee alikuwa hana la kumwambia mwanawe," Bi Kulthum ametueleza. "Siku moja akasema, nami najifunza kazi yake hiyo. Nikamwambia, we mzee, hata simu wamwita jirani akufungulie!"

Akaenda. Darasa la wanaoanza, hapo hapo Bofu. Mwalimu ni Cheryl, binti wa bara. Wenzake vijana watupu, yeye na kanzu yake. Siku ya kwanza walifundishwa amri ya kuonyesha maneno kwenye skrini. Mzee, juu ya amri yake, akaandika kwanza: Asalaam aleykum. Kompyuta ikakataa. Ikamtolea kosa, jekundu.

"Mzee wangu, hii mashini haijui salamu," Cheryl akasema. "Inataka amri tu."

"Mwanangu, mimi niingie kwa mtu niamuru tu? Hata paka wangu namsalimu."

Darasa likaangua kicheko. Cheryl akamwonyesha alama ya reli, ile ya vijistari vilivyopishana, #. Ukiitanguliza, kompyuta huuruka mstari huo. Ni mstari wa binadamu atakayesoma.

"Aa! Basi pangu ndipo hapo."

Na hapo, wasikilizaji, ndipo alipompata bintiye. Kila zoezi alimtumia Shaza alikague. Amri zilikuwa chache, tena mbovu. Mistari ya reli, tele. "# Mwanangu, mlimau umezaa." "# Mamako agomba, ati nala sukari." Shaza alizitengeneza amri, naye akajibu kwa reli. "# Baba, mabano ukifungua, yafunge. Na sukari wacha."

Likaja somo la kurudia. Kompyuta huambiwa: maadamu jambo halijawa, fanya tena.

"Kama haluwa," Mzee akasema. "Maadamu haijaachana na karai, wakoroga tu."

"Mfano nimeuchukua," Cheryl akamjibu. "Sasa lete na haluwa yenyewe."

Ndipo Mzee akaandika programu yake mwenyewe. Iliuliza: Shaza, umefika? Maadamu jibu si "ndiyo", iulize tena. Kila asubuhi akitoka msikitini aliifungua kwenye laptopu yake pale sebuleni, ikamwuliza, naye akaandika: bado.

"Akiandika huku acheka," asema Bi Kulthum. "Mimi nikitazama kando."

Shaza aliahidi kuja Idi. Mzee akaanza kuchagua iliki.

Mzee Mwinyihaji, mpishi wa haluwa wa Bofu, alifariki Ramadhani ikiishia. Shaza hakuyawahi maziko. Alipofika, laptopu ilikuwa mezani. Akaifungua programu, ikamwuliza, umefika? Akaandika: ndiyo.

Skrini ikanyamaza. Hata karibu hakuambiwa.

"Nilidhani Baba amekosea," Shaza alituambia. "Nikasema, wacha nimtengenezee."

Akafungua maandishi ya programu atafute kosa. Kosa halikuwapo. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa reli: "# Akifika, hapa nitasema mwenyewe kwa mdomo."

Innaa lillahi wainnaa ilaihi raajiun. Bi Kulthum, Shaza, nanyi nyote wa Bofu, poleni sana. Mola awape subira, naye amlaze Mzee wetu pema.

Nawe unayenisikiliza ukiwa mbali, mimi kazi yangu kuchekesha watu, leo nisamehe. Kama kuna anayekuuliza umefika, usimngojeze mpaka Idi.

Shaza hakuufuta mstari wa babake. Ameongeza wake chini yake, wenye alama ya reli, ambao kompyuta itauruka.

"# Nimefika, Baba. Nimekula."