Mama Kaskazini Hakupotea

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo sitaanza na muziki. Fundi mitambo wetu ameniuliza kwa ishara, huko nyuma ya kioo, kama aweke wimbo. Nimemtikisia kichwa. Acha niseme kwanza, maana nikichelewa nitashindwa kusema.

Mama Kaskazini amefariki.

Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi. Mama Kaskazini, yule msusi aliyekuja hapa studio mwezi uliopita kutufundisha namna ya kutafuta mwelekeo ukipotea porini, amefariki dunia. Na amefia msituni.

Najua mnachosema huko mliko. Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Nilipopigiwa simu nilikuwa napiga pasi. Nikamwambia aliyenipigia kuwa amekosea mtu. Yeye, msituni? Ni kama kuambiwa samaki amekufa maji. Nilikuja kushtuka kola ya shati imeshaungua, na bado nilikuwa nabishana na simu iliyokwisha kukatika.

Basi tumzungumzie. Tuanze na jina.

Saluni yake iko kwenye safu ya mwisho ya maduka, pale lami inapoishia. Ukitoka mlangoni unaliona tangi kubwa la maji, na nyuma ya tangi msitu unaanza. Ndani kuna kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili vya kuzunguka, na kikausha nywele ambacho lazima ukigonge ndipo kiwake. Mteja akikaa, haambiwi ageuke kulia au kushoto. Anaambiwa, "Geuza kichwa mashariki kidogo. Hapo hapo." Wateja wapya walidhani wanataniwa. Wa zamani walikwisha kujua mashariki iko wapi ukiwa umekaa kiti cha kwanza, na iko wapi ukiwa kiti cha pili. Ndipo likazaliwa jina la Mama Kaskazini.

Hata mume wake, ambaye ni seremala, alimpata kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa mgeni mjini, anatafuta mahali pa kupeleka mbao. Akamuuliza binti mmoja aliyesimama mlangoni na chanuo mkononi. Binti akamwambia aende kaskazini mpaka mwisho. Kijana hakujua kaskazini ni wapi, akaona aibu kusema. Akaenda, akazunguka, akarudi kuuliza tena. Kisha akarudi tena. Wifi yake Mama Kaskazini, yaani dada wa huyo seremala, alinisimulia hayo juzi, akicheka huku machozi yanamtoka. Anasema Mama Kaskazini alikuwa akisema, "Mara ya kwanza alipotea kweli. Zilizofuata alikuwa anakuja."

Lakini kujua dira hakuzaliwa nako. Alifundishwa na hofu.

Alipokuwa msichana wa shule, yeye na mama yake mzazi waliingia msituni kuokota kuni. Ukungu ukashuka. Ukungu ule mnaoujua, unanyoosha mkono huuoni. Mama yake alikuwa mtu wa shughuli, kwake yeye kukaa kulikuwa ni kukata tamaa. Akasema watembee tu, mbele watatokea. Wakatembea. Wakatembea sana. Mwishowe wakakuta maganda ya chungwa chini ya mti. Mama akafurahi, akasema kuna watu wamepita hapa, wanadamu wako karibu.

Msichana akayatazama yale maganda. Akasema, "Mama, ni sisi."

Ni wao walikuwa wamekula lile chungwa. Walikuwa wamezunguka duara.

Aliniambia hapa studio kwamba pale ndipo alipomwona mama yake anaogopa kwa mara ya kwanza. Na kwamba hofu ya mzazi inatisha kuliko msitu. Akamshika mama yake, akamkalisha chini. Wakasubiri ukungu ufunguke. Jua lilipochungulia, akakumbuka somo la jiografia. Akasimika kijiti kwenye udongo palipo wazi. Akaweka jiwe pale kivuli kilipoishia. Akangoja. Kivuli kikasogea. Akaweka jiwe la pili. Jiwe la kwanza ni magharibi. Jiwe la pili ni mashariki. Narudia, wasikilizaji, kwa sababu yeye alipenda irudiwe: jiwe la kwanza magharibi, la pili mashariki. Na kwa kuwa alijua barabara iko mashariki ya msitu, alimshika mama yake mkono wakaenda mashariki mpaka wakasikia magari.

Tangu siku hiyo akawa na kanuni yake. Kabla hujaingia porini, jiulize barabara iko upande gani. Na mwambie mtu unaingilia wapi. Ukipotea, kaa kwanza. "Aliyepotea akikimbia," alituambia, "anapotea kwa kasi." Mtakumbuka aliniuliza hewani kaskazini ya studio hii ni wapi. Nikanyoosha kidole mlangoni kwa kujiamini. Akasema, "Huko ni kusini, na ni chooni." Mlinicheka wiki nzima kwa ujumbe wa simu.

Miaka yote hiyo, mtu akipotea kule ndani, askari wa msitu walimpigia yeye. Alifunga saluni akaenda. Waliopotea aliwakuta wamekaa chini, wengine wanalia, mmoja amelala usingizi wa pono chini ya mti. Hakuwasema vibaya. Aliwapa maji, akawaonyesha jua lilipo, akawaacha watangulie wenyewe njiani ili wasije wakauogopa msitu maisha yao yote.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Nyumbani kwake aliishi na baba mkwe wake. Mzee huyu alikuwa fundi saa. Wengi wenu saa zenu za ukutani zimepita mikononi mwake. Lakini miaka ya karibuni kumbukumbu zilianza kumtoroka. Alisahau majina. Akasahau nyumba. Akasahau kwamba mke wake alikwisha kufariki, akawa anamtengea chai. Watoto wake wa kuwazaa aliwachanganya. Ila mkwe wake hakumsahau. Alimwita binti yangu. Mchana alikaa naye saluni, kwenye kiti cha pili, anapanga vibanio vya nywele kwa ukubwa kama alivyokuwa akipanga vifaa vya saa.

Siku ile kiti cha pili kilikuwa kitupu. Mzee alisema amechoka, akabaki nyumbani na jirani. Mama Kaskazini alikuwa anamsuka mwalimu wa chekechea. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Jirani akaja anahema: mzee ametoka, ameonekana akipita tangi la maji, anaingia msituni.

Mwalimu huyo nimeongea naye. Anasema Mama Kaskazini hakupiga kelele, wala hakukimbia. Alichukua sweta, akatazama nje mawingu yalivyo. Simu yake ilikuwa imezima, iko ukutani inachajiwa, akaiacha.

"Aliniachia chanuo kichwani," mwalimu alinieleza. "Akasema, usilitoe, nikirudi nitaanzia hapo. Akasema, waambie nimeingilia kwenye tangi, naelekea magharibi. Akaondoka na aproni yake."

Mnaona, wasikilizaji? Alifanya kila kitu sawasawa. Alimwambia mtu. Alisema alikoingilia. Alisema anakoelekea. Hili ndilo linalotushinda kumeza. Tumezoea kwamba msiba ukitokea kuna mtu alikosea, na tukilijua kosa tunalala tukiwa na amani. Hapa mimi nimelitafuta kosa sijaliona.

Mvua ilianza kabla watu hawajakusanyika. Ilikuwa mvua ya baridi, yenye upepo. Askari wa msitu, seremala, majirani, waliingilia kwenye tangi kama walivyoambiwa. Wakaita. Mvua ikameza sauti zao. Nyayo zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Giza lilipoingia askari wakawarudisha watu nyuma, wasije wakapotea wengine. Seremala alikataa kurudi, ikabidi ashikwe mikono. Hata hivyo, jamani, watu hawakukata tamaa. Walisema, aliyeko ndani ni Mama Kaskazini. Atatoka asubuhi na mzee wake.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi kama sahani. Wifi yake alikuwa amesimama kando ya barabara na chupa ya chai. Wifi, nakumbusha, ni dada wa seremala, kwa hiyo yule mzee ni baba yake mzazi. Akaona majani yanatikisika mbele yake. Mzee akatoka msituni peke yake, amevaa sweta la mkwewe, na juu ya sweta amefungwa aproni ya saluni, mikanda imekazwa kwa mafundo mawili. Uso ameuinua kuelekea jua, macho yanatoa machozi kwa mwanga, lakini hageuki pembeni.

Binti yake akamkimbilia, akamkumbatia. Mzee akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni.

"Samahani, mama," akamwambia. "Mimi nina haraka. Binti yangu ameniambia jua linipige usoni, nisisimame mpaka nione magari."

Wifi akamshika mkono. Akamuuliza, binti yako yuko wapi? Mzee akageuka, akautazama msitu wote. Akasema hajui. Akauliza kama hapo kuna chai.

Ametoka mtu mmoja msituni, na ndiye huyo tu aliyejua Mama Kaskazini yuko wapi, na ndiye huyo asiyekumbuka. Wasikilizaji wapendwa, mimi nimefanya kazi hii ya redio nikiwa na nywele nyeusi mpaka zimeanza kupauka. Sijawahi kusimulia jambo la namna hii.

Aliyetuonyesha pa kutafuta ni binti mkubwa wa Mama Kaskazini, anayesomea ualimu. Askari walikuwa wanapanga kuanzia mtoni. Yeye akauliza babu ametokea sehemu gani hasa. Akaonyeshwa. Akasema, kama babu alifuata jua la asubuhi usoni, basi ametembea kuelekea mashariki kwa mstari mmoja. Mama asingempa maneno mawili, babu asingeyashika. Amempa neno moja. Kwa hiyo sisi tuipe mashariki mgongo, tuanzie pale pale alipotokea. Mkuu wa askari akafikiri kidogo, akakubali, akatoa dira yake akampa aishike yeye.

Waliziona nyayo za mzee kwenye tope, zimenyooka. Kwenye mawe zikapotea, wakaendelea na dira. Wakafika kwenye korongo. Ukingoni udongo ulikuwa umemeguka.

Mama Kaskazini alikuwa chini, ameegemea ukuta wa korongo, blauzi yake imelowa, mguu umelala vibaya. Binti yake alishuka wa kwanza. Alidhani amesinzia.

Madaktari wamesema nyonga ilivunjika, na damu ilivuja ndani kwa ndani, pamoja na baridi. Wamesema pia kwamba alikuwa hai asubuhi ile. Bila shaka alikuwa hai. Nani mwingine alimfunga mzee aproni? Nani alimwambia jua likichomoza aende? Walikesha pamoja pale chini, sweta akalivaa mzee. Kuna sehemu korongo lina mteremko mwepesi wa kupandia, na nyayo za mzee zilipita hapo. Alimwelekeza. Hatujui alirudia mara ngapi yale maneno, mpaka yakakaa kwenye kichwa ambacho hakiwezi tena kushika jina la mtoto wake. Hatujui kama alijua kwamba msaada utachelewa. Mtu pekee wa kumuuliza hawezi kutujibu.

Nimekaa na seremala karakanani kwake. Alikuwa anapiga randa ubao ambao haukuhitaji randa tena. Aliniambia neno moja tu: "Siku zote yeye ndiye alikuwa anatafuta watu. Sisi hatukujifunza kutafuta, kwa sababu yeye yupo." Kisha akaendelea na ubao wake.

Kwenye maziko alikuwepo mwalimu wa chekechea, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imefungwa. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu mmoja alimnong'oneza kwamba si vizuri kuja hivyo msibani. Akamjibu kwamba atakayemaliza kichwa chake hajamwona bado.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole seremala na wanawe. Tunampa pole wifi, aliyempoteza rafiki yake na kuambiwa na baba yake "samahani, mama" kama mgeni, katika asubuhi moja. Tunawapa pole askari wa msitu, maana nao wamefiwa. Mungu ampumzishe mama yetu.

Na tutafakari, kila mtu hapo alipo. Tukisikia kupotea tunawaza miti na giza. Mzee yule alianza kupotea akiwa sebuleni, amekaa kwenye kiti chake, watu wake wamemzunguka. Pengine nyumbani kwako yupo mtu wa namna hiyo. Pengine yuko mlango wa pili. Usimcheke, usimfokee. Mshike mkono.

Maana mjukuu wake, yule binti mkubwa, sasa ndiye anayemtembeza mzee kila asubuhi. Wanafika mwisho wa lami, wanageuka. Hakuna aliyeweza kumweleza mzee habari ya kifo akaishika. Akielezwa analia, baada ya kitambo anauliza upya. Kwa hiyo hawamwelezi tena. Ila kila asubuhi, wakiwa njiani kurudi, mzee anasimama. Anamvuta mjukuu wake mkono.

"Twende polepole," anasema. "Binti yangu yuko nyuma, anakuja."

Na mjukuu anasimama naye.