Ovide Chenevert, Fundi Aliyekaa Kwanza Akaangalia Jua

Kaka yetu Ovide Joseph Chenevert alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Leonville, Louisiana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Théophile, fundi seremala, na marehemu Mama Eulalie.

Alisoma shule ya masista mpaka darasa la nane, kisha akashika msumeno wa Baba. Alijifunza kuinua nyumba juu ya nguzo, kuizungushia baraza pana, na kuweka milango itazamane ili upepo upite.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Odile Fuselier. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1990 alitaka kumpendeza Mama. Akaziba baraza lake, akashusha dari, akakata miti miwili ya pekani iliyotia nyumba kivuli upande wa machweo, akafunga kiyoyozi.

"Umenitia kwenye kopo, mwanangu," Mama alimwambia.

"Mama, utalala kama askofu."

"Na umeme ukikatika?"

"Haukatiki huo."

Agosti 1992 kimbunga kilikata umeme siku tisa. Siku ya tatu Mama alizimia kwa joto. Kaka alimbeba akamlaza uvunguni mwa nyumba, palipokuwa na kivuli, akatuachia maji na vitambaa. Yeye akapanda juu na mtaimbo, akabandua mbao alizozipigilia mwenyewe, huku analia. Kwa rehema za Mungu Mama alipona, akaishi miaka kumi na miwili zaidi. Baraza lilirudi. Miti haikurudi, akapanda mingine.

Tangu hapo hakugusa kazi ya mtu kabla ya kukaa uani na kiti chake kutwa nzima, akifuata jua na upepo. Watu walimcheka. Wifi Odile akamwambia, "Baba Rosalie, wanauliza kama siku hizi unajenga kwa kiti."

"Waambie nangoja saa tisa. Jua la saa tisa ndilo litakalomchoma yule mama mwenye nyumba jikoni kwake."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2020. Alitibiwa Lafayette, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Mei mwaka huu alimwomba binti yake Rosalie ampeleke hapa makaburini na kile kiti. Akakaa mpaka jioni.

"Baba, unajitafutia kivuli?" Rosalie alimuuliza.

"Mimi sitasikia jua. Nyie ndio mtasimama."

Akaonyesha mahali hapa, magharibi ya mti huu wa mwaloni, akasema azikwe saa nne asubuhi.

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Julai 2022, akiwa amepokea sakramenti. Kitanda chake kilikuwa kati ya milango miwili, yote wazi.

Ameacha mjane wake Odile, watoto Rosalie, Lucien na Bernard, wajukuu saba, na mdogo wake Clotilde, anayewasomea haya.

Mliosimama juani, sogeeni. Kivuli kinatutosha sote. Bwana ampe Kaka pumziko lake.