Zénon Manariyo na Video Aliyomtumia Aurore

Marehemu Zénon Manariyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Rumonge, Burundi, mtoto wa kwanza wa Mzee Niyibizi na Mama Révérienne. Mwaka 1996 vita vilipopamba moto, mama yake alipanda naye boti pamoja na mdogo wake wa kike, Aurore, wakashukia Kibirizi, Kigoma. Baba alibaki nyuma na hakuonekana tena.

Alisoma shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi, wilayani Kasulu, akamaliza mwaka 2001. Hakuendelea na masomo, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mashine. Mwaka 2006 Mzee Gervasi alimchukua kwenye studio yake ya video Ujiji, akamkabidhi kompyuta ya kuhariri.

Kazi yake hasa ilikuwa rangi. Alikuwa akisema, picha ileile ukiitia bluu, anayecheka unamwona kama yuko msibani. Ukiitia manjano kidogo, hata chumba kitupu kinaonekana kina wenyewe. Harusi moja ya Kibirizi ilinyeshewa tangu kanisani hadi ukumbini. Zénon aliitia jua, na mpaka leo mama wa bibi harusi anaapa kwamba siku ile haikunyesha hata tone. Watu wa kambini nao walimletea salamu za video za kupeleka kwa ndugu waliohamishiwa ng'ambo. Wagonjwa aliwanawirisha nyuso, ili huko waliko ndugu zao wasiingiwe na hofu.

Tarehe 9 Julai 2011 alifunga ndoa na Leonia, binti kutoka Kalinzi. Walijaliwa mtoto mmoja, Merina.

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2016. Mwezi Aprili mwaka huu, 2017, Aurore, anayeishi Kanada tangu 2008, aliomba kumwona kwenye video ili ajue kama aache kazi aje. Zénon alijirekodi, kisha akaketi kitandani na kompyuta, akaongeza wekundu mashavuni, akaondoa umanjano machoni. Leonia alimkataza.

"Mpelekee ulivyo, baba Merina. Aje akukute."

"Akiniona hivi hatafanya kazi wala hatalala," alimjibu. "Mwache mdogo wangu atulie."

Leonia hakubishana naye tena. Anasema kosa lake ni hilo.

Aurore alimwona kaka yake amenawiri, akasogeza safari hadi Agosti. Zénon alifariki hospitalini mjini Kigoma, Jumanne tarehe 6 Juni 2017, saa kumi jioni.

Aurore aliwasili jana. Alisimama kando ya jeneza kama sisi wengine, bila chozi. "Kwenye video alikuwa mzima," alisema, basi.

Marehemu ameacha mama yake, Révérienne; mjane, Leonia; binti yake, Merina; na mdogo wake, Aurore, ambaye ameomba apewe ile video ya kwanza, kabla haijatiwa rangi, amwone kaka yake alivyokuwa kweli. Leonia ameitafuta kwenye kompyuta nzima. Zénon aliifuta.

Bwana ampokee, ampumzishe.